Inveta ya mashine ya mwani inazima kila jioni. Tumebadilisha moja, na ya pili ni yale yale

KijanaWaTumbe
Jumamosi, saa 3:20 usiku

Assalaamu alaykum, wakubwa kwa wadogo. Nnaomba msaada na nnaomba msinicheke.

Mama zangu huku Micheweni wana kikundi cha mwani. Zamani wakiuanika na kuuza kwa kilo, sasa wanausaga wenyewe, unga wa kutilia sabuni. Wamepata mashine ya nyundo iliyotumika kidogo, ina mota ya fezi tatu ya kilowati 2.2. Bandani kwetu fezi tatu hakuna, ipo moja tu. Tukaambiwa dawa yake inveta: inaingia fezi moja, zinatoka tatu. Tukachangishana, tukanunua.

Ikiwa tupu inazunguka raha mstarehe. Ukitia mwani inaguna, inaguna, halafu kimya, kiooni imeandika OC. Ikifika magharibi hata kuguna hakuna, inaandika UV na kulala. Na kituko cha tatu: tukiizima wenyewe kwa kitufe, mara nyengine inaandika OU na nyundo zinaendelea kuzunguka mpaka zichoke.

Tulikonunua wakasema mbovu, wakatubadilishia kwa nyongeza ya pesa. Hii mpya nayo ni vile vile. Jana nikaazima jenereta ya petroli ya shemegi yangu, kVA 3.5. Taa ya banda ikacheza ngoma, jenereta ikawa inapanda na kushuka sauti kama mtu mwenye pumu. Nikaizima kabla sijalipishwa.

Mota imekufa, au inveta za siku hizi feki?

PwezaMkavu
Jumamosi, saa 3:31 usiku

Feki. Siku hizi hata misumari feki.

MaalimKoili
Jumamosi, saa 4:05 usiku

Wa alaykum salaam. Pweza, umepima nini hata ukahukumu?

Kijana, usinunue kitu chochote tena mpaka unijibu. Moja, nisomee kibati cha mota, neno kwa neno. Pili, fungua kile kijisanduku cha nyaya juu ya mota uniambie vile vibati vya shaba vimekaa vipi. Tatu, kutoka mita ya Tukuza mpaka bandani ni mita ngapi, na waya wa ngapi?

KijanaWaTumbe
Jumapili, saa 1:40 asubuhi

Maalim, kibati kimeliwa na kutu, nimekisugua kwa ndimu. Kinasema 2.2 kW, Δ/Y 230/400 V, 8.5/4.9 A, 50 Hz, mizunguko 1420.

Ndani mna vijiti sita, safu mbili. Vitatu vya chini vimefungwa pamoja kwa vibati, kama watu walioshikana mikono. Vitatu vya juu ndiyo vinapokea waya za inveta. Umbali tumepima kwa kamba, mita 70. Waya ni wa 2.5, yaani milimita za mraba.

Kwenye inveta, pale panapoulizwa ampea za mota, fundi alitia 4.9.

FundiMkoani
Jumapili, saa 1:58 asubuhi

Hahaa. Nshaiona. Maalim, sema wewe, mie nipo kwenye daladala.

MaalimKoili
Jumapili, saa 3:15 asubuhi

Haya, kaa kitako.

Mota yako ina koili tatu, na kila koili imezaliwa kula volti 230. Hiyo ndiyo maana ya 230/400. Kama nyumbani una fezi tatu za kawaida, baina ya fezi na fezi kuna volti 400, hapo unaziunga koili kwa nyota: ncha tatu zinakutana pamoja, na kila koili inapata 230 yake. Hivyo ndivyo ilivyofungwa mashine yenu, kwa sababu huko ilikotoka ilikuwa kwenye fezi tatu kweli.

Sasa inveta yenu inalishwa volti 230 za fezi moja. Haiwezi kutoa zaidi ya inachokula. Baina ya fezi na fezi inatoa 230, siyo 400. Ukiacha nyota, kila koili inapata 133 tu. Sumaku ya mota inabaki asilimia 58, na nguvu ya kusokota inakwenda kwa mraba wa hiyo, yaani thuluthi moja. Mota yenu imekuwa ikifanya kazi kwa thuluthi ya misuli yake. Tupu itazunguka, ndiyo, hata mtoto anasukuma gari tupu. Ukiitia mwani inalemewa, inapungua mwendo, inavuta ampea nyingi, na inveta inakata kujikinga. OC maana yake hiyo: ampea zimepita kiasi. Haikwambii kuwa inveta mbovu.

Dawa: izime, kata braka, halafu NGOJA DAKIKA KUMI. Ndani ya inveta mna kapasita, vyombo vya kuweka umeme, zilizojaa zaidi ya volti 300 za DC, umeme ulionyooka, na haziondoki kwa sababu wewe umekata umeme. Pima kwanza baina ya alama ya + na ya −, ikiwa imeshuka karibu na sifuri ndiyo utie mkono. Nimemuona mtu karushwa mpaka kwenye kabati la vitabu vya skuli.

Kisha viondoe vile vibati vya mlalo, vifunge vitatu kwa wima, kijiti cha juu na cha chini yake. Hiyo ndiyo pembetatu. Kwenye inveta badilisha 4.9 iwe 8.5.

PwezaMkavu
Jumapili, saa 3:20 asubuhi

Mmh. Haya, nafuta "feki".

KijanaWaTumbe
Jumapili, saa 11:50 jioni

Maalim, Mungu akupe umri! OC imekufa. Mchana wa leo tumesaga magunia matatu, mama wanapiga vigelegele. Lakini sasa hivi magharibi inakaribia, kila mtu anapika, na UV imerudi. Nimepima soketi ya bandani kwa mita: volti 205 bila mzigo, na ikisaga 186 hivi. Si bado ni umeme?

BintiJambiani
Jumapili, saa 2:10 usiku

Na mie nna swali hapo hapo, samahani kaka Tumbe. Nna inveta ya pampu ya kisima kwenye nyumba ya wageni, na mita yangu inasoma 212, lakini inveta inalalamika umeme mdogo. 212 ni mdogo kweli?

MaalimKoili
Jumapili, saa 3:30 usiku

Dada, mita yako haikudanganyi, ila haikuonyeshi kitu ambacho inveta inakiangalia.

Inveta ina vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni diodi zinazonyoosha umeme, zinamwaga kwenye kapasita. Chumba cha pili ni transista sita, aina ya IGBT, zinazochukua umeme ule ulionyooka na kuukata vipande vipande maelfu ya mara kwa sekunde, vipana na vyembamba, mpaka koili za mota zidhani ni wimbi. Baina ya vyumba hivyo ndipo palipo na basi ya DC. Ifikirie kama tangi juu ya paa. Mota inateka kwenye tangi, haiteki kwenye bomba la mjini. UV ni kusema tangi limeshuka. OU ni kusema tangi linafurika.

Tangi linajazwa vipi? Diodi zinafunguka pale tu wimbi la umeme likiwa juu kuliko tangi, yaani kwenye kilele. Wimbi la volti 230 lina kilele cha 325. Ina maana tangi linajazwa kwa mapigo mafupi, mara mia kwa sekunde, na baina yake hakuna kitu. Kilowati 2.2 kwenye shafti, ukitia na hasara za mota, ni kama 2.7 kutoka kwenye ukuta, wastani wa ampea 20 hivi kwa fezi moja. Lakini kwa kuwa inanywa kwa mapigo, kila pigo linafika ampea 40 au 50.

Sasa chukua waya wa 2.5. Kilomita moja ina omu 7.4. Kwenda mita 70 na kurudi 70, jumla 140, ni omu 1. Pigo la ampea 45 linapoteza volti 45 njiani, tena pale pale kileleni, pahala pekee ambapo tangi linajazwa. Wimbi linakatwa kichwa. Mita ya kawaida inakupa wastani, nao unaonekana si mbaya. Kilele kimekwenda.

Kijana, 205 yako ina kilele cha 290. Toa 45. Umebaki na 245, na bado mama hajatia konzi ya mwani wenye maji. Inveta za daraja hili hukata chini ya 200 hivi. Kwenye menyu ya inveta pana pahala pa kusoma volti za DC. Weka hapo, tia mwani, uangalie namba.

KijanaWaTumbe
Jumatatu, saa 1:15 usiku

Nimeangalia. Tupu 287. Ikisaga 238. Mama Asha kutia konzi mbili kwa pamoja, 203, 199, pu! UV.

Wallahi nimepata raha ya kuiona ikifa nikijua kwa nini.

FundiMkoani
Jumatatu, saa 1:40 usiku

Basi usimlaumu mtu wa nguzo, laumu waya wenu. Waya wa 10 una omu 1.83 kwa kilomita. Kwa mita 140 ni robo ya omu, pigo lile lile la ampea 45 litapoteza volti 11 au 12. Ghali, najua. Kama una bahati, hamisha inveta iwe karibu na mita na upeleke waya za mota bandani, lakini mita 70 baina ya inveta na mota nako kuna shari yake.

BintiJambiani
Jumatatu, saa 1:52 usiku

Shari gani? Pampu yangu iko chini mita 40 na inveta iko juu ofisini.

FundiMkoani
Jumatatu, saa 2:20 usiku

Kwa sababu umeme unaotoka kwenye inveta siyo wimbi laini, ni vipande vyenye kingo kali. Waya mrefu unavirudisha kama mawimbi yanavyopiga ukuta wa Forodhani: linalokuja linakutana na linalorudi, linapanda mara mbili. Kwenye koili za mota unaweza kupata karibu maradufu ya volti za basi ya DC. Kwa inveta ya 230 hiyo ni zaidi ya 600 kidogo, mota nzima itastahimili. Kwa inveta ya volti 400, basi ni 565 na kilele kinapita elfu moja. Mota kuukuu hapo inakufa taratibu, mzunguko wa kwanza wa koili ndio unaotangulia. Kwa masafa hayo tia koili ya kutuliza kwenye mdomo wa inveta.

Na dada, inveta yako iko ofisini upande wa bahari?

BintiJambiani
Jumatatu, saa 2:31 usiku

Iko ukutani barazani, inatazama bahari. Hii ni ya pili. Ya kwanza feni yake ilivuta hewa ya chumvi miaka miwili, nilipoifungua ubao wa ndani umeota ukungu wa kijani. Nilijua ni mjusi kaingia.

FundiMkoani
Jumatatu, saa 2:35 usiku

Ihamishe kesho. Kijana wewe ndiyo zaidi, unga wa mwani ni chumvi tupu, na ukipata unyevu unapitisha umeme. Inveta isikae banda moja na mashine. Ikikaa, itiwe ndani ya boksi lililozibwa, na boksi liwe kubwa lipoze kwa ukuta wake, siyo kwa matundu. Joto ndilo linaloua kapasita: hesabu ya mafundi ni kuwa kila ukipunguza nyuzi 10 umri wake unaongezeka maradufu.

MtuWaSola
Jumatatu, saa 3:00 usiku

Kwani kijana asiipunguze tu mashine iende hezi 40, yaani mawimbi 40 kwa sekunde, badala ya 50? Mie kwenye pampu nilifanya hivo bili ikashuka karibu nusu.

MaalimKoili
Jumatatu, saa 3:45 usiku

Kwenye pampu ya feni ndani, sawasawa. Umeme wa pampu ya aina hiyo unakwenda kwa mwendo uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Mwendo asilimia 80 ni 0.8 × 0.8 × 0.8, asilimia 51. Maji unapata asilimia 80, kwa nusu ya umeme, mradi kisima si kirefu sana, maana nguvu ya kupandisha nayo inashuka kwa mraba na kuna pahala maji hayatoki kabisa. Dada Jambiani jaribu, lakini angalia mdomo wa bomba.

Mashine ya nyundo si hivyo. Nyundo inasaga kwa kasi ya ncha yake, ukiipunguza mwani unakatwakatwa tu, hausagiki. Iache 50.

KijanaWaTumbe
Alkhamis, saa 4:10 asubuhi

Tumeuza mbuzi wa kikundi, tumetia waya wa 10. Jana magharibi yote, DC haikushuka chini ya 255. UV hakuna.

Imebaki OU wakati wa kuzima. Hii sifahamu. Mashine inazimwa, umeme umekatwa, tangi linafurika kutoka wapi?

MaalimKoili
Alkhamis, saa 8:30 mchana

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Mota na jenereta ni chombo kimoja. Sumaku ya ndani ikienda pole kuliko rota, rota inasukuma umeme kurudi ulikotoka. Ukibonyeza kitufe, inveta inaanza kushusha hezi, 50, 40, 30, kwa muda uliowekwa. Kama umeweka sekunde tatu, nyundo nzito bado zina mbio zake, zinakwenda kasi kuliko sumaku. Papo hapo mota yako ni jenereta, na umeme wake unaingia kwenye tangi. Kurudi ukutani hauwezi, diodi ni mlango wa upande mmoja.

Tufanye hesabu ya kukisia. Kapasita ya mikrofaradi 1500 kutoka volti 325 mpaka 400, ambapo inveta inakata, inameza kama jouli 40. Nyundo na puli zenye uzito wa kuzunguka wa kg·m² 0.15, kwa mizunguko 1420, zina jouli 1,600 na ushei. Utatia pipa kwenye kikombe? Hasara za mota zinakula sehemu, lakini si yote kwa sekunde tatu.

Njia mbili. Ya bure: ongeza muda wa kusimama, tia sekunde 40. Ya pili: rezista ya breki, inaungwa kwenye vijiti vya inveta vilivyoandikwa P+ na PB kama vipo, na ule umeme unageuzwa joto. Omu ngapi soma kitabu chake, usishuke chini ya walichoandika. Kwa mashine ya nyundo, mie ningenunua rezista. Mama mwenye haraka akifungua kifuniko nyundo zikiwa bado zinazunguka, hapo tena si habari ya umeme. Na kifuniko kitiwe swichi, kikifunguliwa mashine isiwake.

KijanaWaTumbe
Alkhamis, saa 9:05 alasiri

Rezista na swichi, nimefahamu. Na ile jenereta ya shemegi? Umeme ukikatika tunabaki na mwani uliochomwa jua kisha unanyeshewa.

MzeeZamu
Alkhamis, saa 2:00 usiku

Hapo niachieni mie. Nimekaa zamu za usiku kwenye majenereta ya dizeli miaka mingi, kabla Pemba haijavutiwa waya wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010. Masikio yangu yamebaki huko.

Jenereta ina mikono miwili. Mkono mmoja ni gavana, unashika mafuta, na mafuta ndiyo mwendo, na mwendo ndiyo hezi. Mkono wa pili ni AVR, unashika sumaku ya rota, na sumaku ndiyo volti. Inveta yako inanywa kwa mapigo, kama alivyosema Maalim. Kijenereta kidogo kila pigo kinazama, AVR inaona volti zimeshuka inaongeza sumaku, pigo limekwisha, volti zinaruka juu, inapunguza. Gavana naye anafukuza mzigo kwa nyuma. Wawili hao wakianza kukosana ndiyo hiyo pumu uliyoisikia.

Tena 3.5 ni ndogo. Kilowati 2.7 kwa umeme wa mapigo ni zaidi ya kVA 4. Tafuta ya 7 au 8, utie koili mbele ya inveta, jamaa ya ile choki ya taa za tyubu lakini kubwa, ipanue mapigo. Na muda wa kuwaka uwe mrefu, sekunde 15, isishtue.

PwezaMkavu
Alkhamis, saa 2:12 usiku

Shikamoo mzee. Hebu nieleze, majenereta matatu yakiwa pamoja, yanajuaje nani abebe kiasi gani? Mie nikidhani kuna mtu anagawa.

MzeeZamu
Alkhamis, saa 2:50 usiku

Marahaba. Hakuna anayegawa. Kila gavana anafunzwa kulegea kidogo akibebeshwa. Tuseme asilimia 4: tupu inakwenda hezi 52, ikibeba mzigo wake wote inashuka 50. Zikiwa mbili zimeunganishwa, hezi zao ni moja kwa lazima, haziwezi kuachana. Ikiwa 51, basi kila moja imebeba nusu ya uwezo wake, kubwa nusu ya kubwa, ndogo nusu ya ndogo. Hazisemezani, ila hezi ndiyo barua yao.

Ukikosea ukaziweka zote mbili zishike 50 kamili bila kulegea, zinapigana. Moja inabeba kila kitu, ya pili inageuka mota na kuzungushwa na mwenzake, mafuta unachoma na kazi hupati. Nilimuona kijana mmoja wa zamu analisifu jenereta lake kuwa halina mzigo, kumbe linaburutwa.

MtuWaSola
Alkhamis, saa 3:10 usiku

Na ndiyo sababu sola yangu inajizima pale umeme wa nguzo unapokatika, hata jua likiwa kali? Nilikuwa nagombana na aliyenifungia.

MaalimKoili
Alkhamis, saa 3:40 usiku

Mwombe radhi. Inveta za sola za kawaida ni wafuasi: zinasikiliza wimbi la mtandao, zinalipata hatua yake, kisha zinasukuma umeme kwa hatua hiyo hiyo. Wimbi likitoweka haina wa kumfuata, na imeamrishwa izime haraka ili fundi aliye juu ya nguzo asipigwe na umeme wa nyumbani kwako. Kuna aina ya pili inayounda wimbi lake yenyewe na kujilegeza kwa hezi kama gavana wa Mzee Zamu, hiyo hutaka betri. Kilichokuwa chuma na mafuta kimekuwa hesabu ndani ya kidude.

BintiJambiani
Alkhamis, saa 4:00 usiku

Tukiwa hapo hapo. Nakumbuka giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa waya wa baharini ulipokatika Unguja nzima, nikiwa skuli. Watu walisema tungekuwa na waya wa DC yasingetokea. Kweli?

MaalimKoili
Ijumaa, saa 9:20 alasiri

Nimeswali, nimekula, sasa nijibu.

Si kweli. Kiungio cha waya kikiungua kimeungua, iwe AC, umeme wa mawimbi, au DC, na wakati ule njia ilikuwa moja. Kilichosaidia ni njia ya pili: waya wa megawati 100 uliokuja 2013, juu ya ule wa 1980 wa megawati 45, yote volti 132,000, kutoka Ras Kiromoni bara mpaka Fumba, Unguja.

Lakini suala la AC na DC baharini lina utamu wake. Waya wa baharini ni kapasita ndefu. Tuseme mikrofaradi 0.2 kwa kilomita. Kwa kilomita 40 na volti 132,000 unapata megavari 44 hivi, umeme unaoingia na kutoka kwenye waya bure kila wimbi bila kuwasha hata taa moja. Inabidi koili kubwa ziunyonye. Wa Pemba ni mrefu zaidi, kilomita sabini na kitu, lakini ni wa volti 33,000, na hesabu inakwenda kwa mraba wa volti, unapata megavari 5 tu. Ndiyo maana urefu ule uliwezekana kwa AC, na bei yake ni kuwa hauwezi kubeba mzigo mkubwa.

Kuna kisiwa kingine duniani kilichofanya kinyume. Gotland, Uswidi, mwaka 1954, karibu kilomita 100 baharini, volti 100,000 za DC, megawati 20. Ilikuwa ya kwanza ya biashara. Umeme ulinyooshwa kwa mirija ya zebaki, transista ya kubeba umeme mkubwa hivyo haikuwepo. Kisiwa hicho hicho mwaka 1999 kikawekewa njia ya DC inayotumia IGBT, megawati 50, kuleta umeme wa upepo mjini Visby. IGBT, kijana wa Tumbe. Ukoo ule ule wa transista ulizozitia ndani ya boksi Micheweni. Na karibu na sisi, Ethiopia na Kenya wana njia ya DC ya zaidi ya kilomita elfu moja, volti 500,000, uwezo wa megawati 2,000.

Tafauti moja tu niitaje kisha ninyamaze. Kwa kuwa sisi ni AC, Unguja inapitia Fumba, Pemba inapitia Tanga, na zote mbili zinapiga hatua moja na mashine tisa za bwawa la Rufiji, megawati 235 kila moja. Mama Asha akitia konzi ya mwani, zote zinalegea, kiasi kisichopimika, lakini zinalegea. Ungekuwa DC, inveta zingekaa katikati na hezi ya kisiwa ingekuwa ya kisiwa.

MzeeZamu
Ijumaa, saa 10:05 alasiri

Na ya kisiwa peke yake inatikisika, muulizeni aliyekaa zamu.

KijanaWaTumbe
Jumanne, saa 12:30 jioni

Rezista imefungwa, inasimama kwa sekunde sita, OU hakuna. Swichi ya kifuniko ipo. Boksi nimeliweka chumba cha pili, limezibwa. Ile inveta ya kwanza waliyosema mbovu niliwaomba wanirudishie, wakakubali kwa nusu bei. Nimeifunga kwenye mota hii hii kujaribu, imesaga nusu saa bila neno. Tumeiweka akiba.

Mama Asha anasema Maalim akija Micheweni kuna pweza wa nazi.

MaalimKoili
Jumanne, saa 1:00 usiku

Nakuja na mkate wa kumimina.

PwezaMkavu
Jumanne, saa 1:04 usiku

Jamani, na mie nna mota ya fezi moja ya kukunia nazi, ile yenye kapasita mgongoni. Nikiitia inveta?

FundiMkoani
Jumanne, saa 1:06 usiku

Hapana. Kapasita ile na vipande vya inveta hawapatani, utaichoma. Fungua uzi wako, uje na kibati.